Nyuklia Kenya: Nani Ana Nguvu ya Kusema "Hapana"?

Aprili 2024 mafuriko yalikata barabara ya Garissa pale Madogo. Wasee wakawa wanavuka kwa boti, moja ikazama na watu wakaaga. Sasa jiulize: kwa boti yoyote ile, nani anafaa kusema "imejaa, hakuna kupanda"? Si mwenye boti. Kwake kila kichwa ni doo. Unahitaji mtu mwingine, ambaye mshahara wake hautoki kwa nauli.

Nyuklia ni hivyo hivyo. Kenya tuko na ofisi mbili, na wengi huzichanganya. NuPEA iko chini ya Wizara ya Kawi, na kazi yake ni kusukuma mpango wa kujenga kiwanda cha stima ya nyuklia. Ndio hao walikuwa wanaangalia Uyombo, kule Kilifi, mpaka wenyeji wakaingia barabarani 2024 kukataa. KNRA nayo ilizaliwa na sheria ya 2019, ikachukua kazi ya ile bodi ya zamani ya kukinga watu na mionzi. Huyo ndiye refa: anakagua, anatoa leseni, na anaweza kuifuta.

Mbona wasiwe kitu moja tu? Cheki Japani. Kabla ya balaa ya Fukushima, Machi 2011, mkaguzi alikuwa ndani ya wizara ile ile iliyokuwa inapigia nyuklia debe. Baadaye walimtoa huko, na Septemba 2012 mamlaka mpya inayojisimamia ikaanza kazi. Marekani walishtuka mapema: 1974 walipitisha sheria ya kuvunja tume iliyokuwa inabeba kazi zote mbili.

Na usidhani hii ni stori ya Kilifi pekee. Ukivuka daraja kutoka Madogo uende kupigwa eksrei Garissa, hiyo mashine inatoa mionzi, na sheria inataka iwe na leseni ya KNRA. Mionzi huioni, huisikii, haina harufu. Huwezi kujikagulia mwenyewe.

Lakini refa wa makaratasi hasaidii mtu. Kuna maswali matatu: bajeti yake inatoka wapi, nani anaweza kumfuta bosi wake, na ripoti za ukaguzi mwananchi anaziona? Siku watakuja mtaani kwenu kuchukua maoni, kabla hujauliza kuhusu kazi na stima, anza na hayo.