Kitanzi Unachoandika Sicho Kinachokwenda

Andika kwa lugha ya C kitanzi kidogo cha kujumlisha namba zote kuanzia 0 hadi n, bila n yenyewe. Ni kazi ya mistari mitatu: kihesabio i kinaanzia sifuri, kinapanda moja moja, na kila kikipanda thamani yake inatiwa kwenye jumla. Pitisha programu hiyo kwenye kompaila ya Clang kwa chaguo la -O2, yaani uiombe iboreshe msimbo, kisha usome amri za prosesa zilizotoka. Kitanzi hukioni. Kuna kutoa na kujumlisha kidogo, kuzidisha mara moja na kugawanya kwa mbili, basi. n iwe kumi au iwe bilioni moja, kazi ni ileile.

Clang imekumbuka hata jambo ambalo mwanafunzi hodari angelisahau. Ukizidisha namba mbili kubwa kabla ya kugawanya kwa mbili, tokeo linaweza kuvuka biti 32. Kwa hiyo katika hatua zake za ndani huzidisha kwa upana wa biti 33. Biti moja tu ya ziada, kwa sababu kugawanya kwa mbili kutaila biti moja.

Maarifa yaliyo nyuma ya kituko hiki ni ya kale kuliko kompyuta. Mwaka 1822 mwanahisabati Charles Babbage alionyesha London mfano mdogo wa mashine ya kukokotoa majedwali ya hisabati. Mbinu yake ni hii. Chukua vipeo vya pili: 0, 1, 4, 9, 16, 25. Tafuta tofauti kati ya kila namba na inayoifuata, unapata 1, 3, 5, 7, 9. Tafuta tofauti za hizo nazo, unapata 2, 2, 2, 2. Sasa huna haja ya kuzidisha tena. Kipeo kinachofuata utakipata kwa kujumlisha tu: 9 na 2 ni 11, 25 na 11 ni 36. Gia za shaba zinaweza kujumlisha, na Babbage alikuwa na gia za shaba. Hakuikamilisha mashine yake akiwa hai, lakini Makumbusho ya Sayansi ya London yaliijenga mashine yake ya pili kwa kufuata michoro yake, sehemu ya kukokotoa ikakamilika mwaka 1991, na ikafanya kazi: namba za tarakimu 31, tofauti hadi ngazi ya saba.

Kompaila za leo zinatumia jedwali hilohilo la tofauti, ila zinalisoma pande zote mbili. Ndani ya kitanzi husoma kama Babbage: kuzidisha kunageuzwa kujumlisha. Kitanzi kikiweza kuondolewa kabisa, kama kile cha jumla, husoma kinyume: kujumlisha mara bilioni kunageuzwa kuzidisha mara moja.

Ili kufanya hivyo, kompaila hutafuta kwanza vigeu vinavyobadilika kwa kiasi kilekile katika kila mzunguko. Wataalamu huviita vigeu vya induksheni. Kihesabio i ndicho kigeu mama. Chochote kinachotokana nacho kwa kuzidisha na kujumlisha namba zisizobadilika, tuseme 4i + 7, ni mtoto wake, nacho huenda kwa hatua zilizo sawa: i ikipanda kwa moja, mtoto anapanda kwa nne. Mkulima anayepanda mahindi kwa kamba harudi ukingoni mwa shamba kila mara apime sentimita 75 mara moja, kisha mara mbili, kisha mara tatu. Anatoka kwenye shimo alilomaliza, anasogea hatua moja, anachimba. Kompaila nayo hivyohivyo, na kazi hiyo inaitwa kupunguza nguvu ya kitendo: kitendo kizito, kuzidisha, kinapisha chepesi, kujumlisha.

Faida yake inaonekana zaidi kwenye majedwali. Picha ya pikseli 1920 kwa 1080 imelala kwenye kumbukumbu kama mstari mmoja mrefu. Ukitaka pikseli iliyo kwenye mstari y na nafasi x, na kila pikseli ni baiti nne, anwani yake ni y mara 1920, jumlisha x, zidisha kwa nne, jumlisha mwanzo wa picha. Programu inayopitia picha nzima ingefanya hesabu hiyo mara 2,073,600. Kompaila haifanyi. Inaweka anwani moja, inaiongeza nne kwa kila pikseli, na kama inafuata safu inayoshuka badala ya mstari unaolala, inaiongeza 7,680. Kuzidisha kumeisha.

Walioanza kuifanyisha mashine kazi hii walikuwa na sababu nzito. Mwaka 1954 John Backus na wenzake katika IBM walianza kutengeneza lugha ya FORTRAN kwa ajili ya kompyuta ya IBM 704. Katika mashine ile kujumlisha namba kamili kulichukua mikrosekunde 24, kuzidisha 240. Mara kumi! Waandishi wa programu wa wakati ule waliandika amri za mashine kwa mkono na kujivunia ujanja wao, na Backus alijua wazi kwamba kama msimbo wa FORTRAN ungekuwa mzembe kuliko wa mkono, hakuna ambaye angeigusa. Kwa hiyo kompaila ya kwanza ya FORTRAN, iliyoanza kutolewa kwa wateja Aprili 1957, ilizaliwa ikiwa tayari ni mboreshaji mkali wa vitanzi.

Kazi ya kuchambua vitanzi na anwani za majedwali waliifanya Robert Nelson na Irving Ziller. Taabu yao ilikuwa kwamba 704 ilikuwa na rejista tatu tu za kushikia vihesabio vya anwani, hali programu ya kawaida ya kisayansi ilihitaji nyingi zaidi. Wenzao wawili walilibeba tatizo hilo. Lois Haibt alitengeneza sehemu iliyokadiria ni maeneo gani ya programu yatapitiwa mara nyingi, na Sheldon Best akatengeneza sehemu ya kuamua nani akae kwenye rejista na nani atolewe. (Rejista zile zilikuwa na tabia ya ajabu: mashine ilitoa thamani yake kutoka kwenye anwani badala ya kuijumlisha, ndiyo maana majedwali ya FORTRAN kwenye 704 yalilala kumbukumbuni kinyumenyume.) Backus alisimulia baadaye kwamba kompaila ilikuwa ikitoa mipango ya anwani iliyowashangaza wao wenyewe walioiunda, mabadiliko ambayo wasingeyafikiria kama wangeandika kwa mkono.

Kutoka ujanja wa kikundi kimoja hadi elimu inayofundishwa kuna safari, na sehemu kubwa ya safari hiyo ni ya Frances Allen. Aliingia IBM mwaka 1957, akaanza kwa kuwafundisha wanasayansi wa kampuni hiyo FORTRAN, lugha ambayo ilikuwa ndiyo kwanza imetoka. Mwaka 1971 yeye na John Cocke waliorodhesha kwa mpangilio njia za kuboresha programu, na mwaka 1981, wakiwa na Ken Kennedy, walitoa maelezo ya kina kuhusu kupunguza nguvu ya vitendo ndani ya vitanzi. Allen alipata Tuzo ya Turing ya mwaka 2006, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta, mwanamke wa kwanza kuipata. Sidhani kama ilimfikia mapema.

Kuna hatua nyingine inayofuata kupunguza nguvu, nayo huwatatiza wanaoanza. Katika mfano wa picha, baada ya anwani kwenda yenyewe kwa hatua za baiti nne, x imebaki na kazi moja tu: kuulizwa kama imefika 1920. Kompaila inajiuliza, kwa nini nisiiulize anwani yenyewe kama imefika mwisho wa mstari? Inabadilisha swali, na x haina kazi tena, inafutwa. Ndiyo maana ukisimamisha programu iliyoboreshwa ndani ya GDB, chombo cha kuchunguzia programu, na kuuliza thamani ya kihesabio chako, unaweza kuambiwa kwamba kimeondolewa. Hakijapotea kwa bahati mbaya. Hakikuwapo tangu programu ianze. Mahali pengine kihesabio kinabaki lakini kinageuzwa kihesabu kushuka, kwa kuwa prosesa nyingi hujua bure, baada ya kutoa, kama jibu ni sifuri.

Je, haya yote yana maana leo, ambapo kuzidisha namba kamili kwenye prosesa za kisasa za Intel kunachukua mizunguko mitatu tu ya saa? Yana maana, lakini si ileile. Prosesa za x86 zinaweza, ndani ya amri moja ya kusoma kumbukumbu, kuzidisha kihesabio kwa 1, 2, 4 au 8 na kukijumlisha kwenye anwani bila kuhitaji amri ya ziada. Kitanzi kinachosoma majedwali matano kwa pamoja kinaweza kutumia kihesabio kimoja kwa yote. Kompaila yenye pupa ingeunda vielekezi vitano vya anwani, kila kimoja kikidai rejista yake, na rejista za matumizi ya jumla kwenye x86 ya biti 64 kwa kawaida ni 16. Zikijaa, thamani zinaanza kutupwa kwenye kumbukumbu na kurudishwa, na hasara inameza faida. Ndiyo maana kompaila ya GCC na LLVM, mfumo ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000 na ambao ndio msingi wa Clang, hukadiria gharama kabla ya kuchagua. Maamuzi yao si kamili kila mara. Hata hivyo programu za iPhone na sehemu kubwa ya msimbo wa C na C++ wa Android zimepitia mikononi mwa LLVM.

Kwa namba za desimali kompaila hurudi nyuma. Ukiandika i mara 0.1, kwa kawaida haitathubutu kugeuza iwe kuongeza 0.1 kila mzunguko. Kompyuta haiwezi kuandika 0.1 kwa ukamilifu katika mfumo wa namba mbili, na kosa dogo hujilimbikiza. Ongeza 0.1 mara kumi kwa usahihi maradufu, utapata 0.9999999999999999. Zidisha 0.1 kwa kumi, utapata 1. Kompaila ina wajibu wa kuleta jibu la programu yako, na jibu lililo karibu nalo halitoshi.

Kwa namba kamili hali ni ya hatari zaidi, kwa kuwa hapo kompaila haisiti. Sheria ya C inasema namba kamili yenye alama ikifurika, programu haina maana yoyote. Kompaila huichukua sheria hiyo kama ahadi ya mwandishi: haitafurika kamwe. Ahadi hiyo ina faida halisi. Kwenye mashine ya biti 64, kihesabio cha biti 32 kinaweza kupanuliwa moja kwa moja kuwa anwani, bila hofu kwamba kitazunguka na kurudi chini. Ukitumia namba isiyo na alama, ambayo C inaruhusu izunguke kutoka 4,294,967,295 kurudi 0, mara nyingi kompaila inafungwa mikono.

Lakini mtazame anayevunja ahadi. Kitanzi kinapeleka i kutoka 0 hadi 3, na kila mara kinaandika i mara 1,000,000,000. Bilioni tatu haiingii kwenye biti 32 zenye alama, mwisho ni 2,147,483,647. Toleo la 4.8 la GCC, lililotoka mwaka 2013, lilifikiri hivi: kufurika hakuwezekani, basi i haifiki 3 kamwe, basi swali la kama i ni chini ya 4 jibu lake ni ndiyo daima, basi nalifuta. Kitanzi cha mizunguko minne kikawa hakina mwisho. GCC ilitoa onyo. Wengi hawasomi maonyo.

Hata wakubwa walinaswa. Maelezo ya toleo hilo yalitahadharisha waziwazi kwamba 464.h264ref, moja ya programu za SPEC CPU 2006 zilizotumiwa duniani kote kupimia kasi ya kompyuta, ingeweza kuharibika. Ilikuwa na jedwali la vipengele 16 na kitanzi kilichosoma, mwishoni, kipengele cha 17 ambacho hakipo, nako ni kuvunja ahadi vilevile. Miaka yote kabla ya hapo usomaji huo haukudhuru mtu. Kompaila ilipoanza kuhesabu mizunguko kwa kutumia ukubwa wa jedwali, ikaamua kihesabio hakiwezi kufika 16, na ikafuta swali la kusimama.

Kisheria kosa ni la mwandishi wa programu. Lakini kwa maoni yangu sheria yenyewe ni kali kupita kiasi kwa kazi nyingi za kila siku. Java iliamua mapema kwamba namba kamili zikifurika zinazunguka kwa kanuni inayojulikana, na ulimwengu wa benki na simu umeendelea kwenda.

Basi ukiwa mwandishi wa C au C++, acha kubadilisha i*4 kwa mkono ili usaidie mashine, kwa kuwa inaijua kazi hiyo tangu 1957. Andika kitanzi kwa namna ambayo mwenzako atakielewa akikisoma mara moja. Soma maonyo yote. Na kabla hujatoa programu kwa watumiaji, ijaribu walau mara moja kwa chaguo la -fsanitize=undefined, lililomo ndani ya GCC na Clang, litakalokuonyesha mstari ambapo ahadi yako ilivunjika.