Aliyebuni vikapu aliposhindwa na mchezo wake

TIMU ya mpira wa vikapu ya Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, ilimaliza msimu wa 1906-07 ikiwa imeshinda mechi 7 na kupoteza 8. Matokeo hayo yangesahaulika upesi, ila aliyekuwa akiinoa ni James Naismith, yule yule aliyebuni mchezo wenyewe mjini Springfield, Massachusetts, mwaka wa 1891.

Waliosema mganga hajigangi hawakukosea. Huo ulikuwa msimu wake wa tisa na wa mwisho. Kwa jumla alishinda mechi 55 na kupoteza 60, na hadi leo ndiye kocha pekee wa Kansas aliyeshindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda.

Naismith aliuchukulia mchezo huo kuwa mazoezi ya viungo na malezi ya vijana, wala hakuona haja ya mbinu za kocha. Phog Allen, aliyewahi kuwa mchezaji wake, aliamini kinyume. Alipokabidhiwa timu msimu wa 1907-08, ilishinda mechi 18 na kupoteza 6. Msimu uliofuata ilishinda 25, ikapoteza 3 pekee.

Naismith naye alibaki chuoni humo akifundisha hadi alipostaafu mwaka wa 1937.