Tajiri aliyenunua ghala la katuni

Watoto wengi waliowahi kukaa mbele ya televisheni, hata ile ya kibanda cha video pale senta, wanamjua paka Tom na panya Jerry. Hawahitaji mkalimani, maana wawili hao karibu hawasemi kabisa. Ila katuni hizo ni za zamani sana: ya kwanza ilitoka mwaka 1940. Zimetufikiaje?

Sehemu kubwa ya jibu ni Ted Turner, tajiri wa Atlanta, Marekani. Mwaka 1970 alinunua kituo kidogo cha televisheni kilichokuwa kikipata hasara. Mwaka 1976 akakirusha kwa setilaiti, na mwaka 1980 akaanzisha CNN. Shida yake tunaijua vizuri sisi tunaokaa studio: siku ina saa 24, na kila saa inadai kitu cha kurusha. Ukikodi filamu ya mwenzako, muda ukiisha unalipa tena. Turner akaona heri awe nazo mwenyewe.

Mwaka 1986 akanunua kampuni ya filamu ya MGM kwa takriban dola bilioni 1.5. Madeni yakamlemea, na baada ya miezi michache tu akauza sehemu kubwa ya alichonunua. Akabakiza ghala la filamu. Wengi walimwona amepigwa. Lakini ndani ya ghala hilo mlikuwa na Tom na Jerry, Popeye, na baadhi ya katuni za mwanzo za Bugs Bunny.

Mwaka 1991 yeye na mshirika wake wakainunua Hanna-Barbera, wenye Scooby-Doo na The Flintstones, kwa dola milioni 320. Hapa ndipo hadithi inaponoga. William Hanna na Joseph Barbera ndio waliobuni Tom na Jerry, wakiwa waajiriwa wa MGM. Mwaka 1957 MGM ikafunga idara yao ya katuni. Wakaondoka wakaanzisha kampuni yao, lakini paka na panya wakabaki kwa mwajiri, kwa kuwa haki zilikuwa zake. (Vijana wetu mnaorekodi vichekesho, someni mkataba kabla ya kusaini.) Hata kampuni yao wenyewe waliiuza miaka ya 1960. Sasa kazi zao za pande zote mbili zikawa chini ya mnunuzi mmoja.

Tarehe 1 Oktoba 1992 Turner akafungua Cartoon Network, chaneli ya katuni mchana na usiku. Mwanzoni ilirusha karibu za zamani tupu, kwa kuwa ndizo alizokuwa nazo. Mpya, kama Dexter's Laboratory ya mwaka 1996, zilikuja baadaye.

Hakusifiwa kwa kila kitu. Alitia rangi filamu za kale za rangi nyeusi na nyeupe, na waongozaji wa filamu wakamjia juu. Filamu zilikuwa zake, akaendelea.

Mwaka 1996 kampuni yake iliungana na Time Warner, waliokuwa na katuni nyingine za Bugs Bunny. Kufikia mwaka 2000, zile za zamani zilikuwa zimepewa chaneli yao peke yake, Boomerang.