Hamburg na Njia ya Mgunda Mkali

Ndugu msomaji, ikiwa makazi yako ni Manyoni, Itigi, Ikungi au Singida mjini, bahari iko mbali nawe. Kutoka Manyoni hadi gati za Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500 kwa reli, na wako wazee wengi mkoani humu waliozaliwa, wakalima, wakafuga na kuzeeka bila kuyaonja maji ya chumvi. Huenda basi ukauliza: historia ya bandari moja ya Ujerumani, iitwayo Hamburg, inatuhusu nini sisi watu wa bara?

Inatuhusu kwa sababu ya mizigo. Bandari yo yote ni mlango tu. Kinachopita mlangoni kimetoka mahali, na kimebebwa na mtu. Sehemu ya mali iliyopita katika mlango wa Hamburg ilitoka bara yetu, ikapita juu ya ardhi ambayo leo ni Mkoa wa Singida. Hebu tuifuate safari hiyo tangu mwanzo wake.

NGOME KANDO YA MTO

Hamburg haiko pwani hasa. Iko kando ya mto Elbe, yapata kilomita 100 kutoka Bahari ya Kaskazini, na meli huufikia mji kwa kuupanda mto. Jina lake limetokana na ngome iliyoitwa Hammaburg, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 9. Mwaka 845 maharamia wa nchi za kaskazini, wajulikanao kwa jina la Waviking, waliuvamia mji na kuuteketeza. Wenyeji wakaujenga upya, na haikuwa mara ya mwisho kufanya hivyo.

Kila mwaka wakazi wa Hamburg husherehekea tarehe 7 Mei kuwa ndiyo siku ya kuzaliwa kwa bandari yao. Husema kwamba siku hiyo, mwaka 1189, Kaizari Friedrich Barbarossa aliwapa hati ya kupita mtoni hadi baharini bila kulipa ushuru. Lakini wanahistoria walioichunguza hati iliyohifadhiwa wamethibitisha kuwa ni ya kughushi, iliyotungwa miaka mingi baadaye kwa faida ya mji wenyewe. Tukumbuke jambo hili, maana tutalirudia: aliye na kalamu huweza kujiandikia haki hata pale ambapo ushahidi wake ni haba.

Mwaka 1241 Hamburg ilifanya mapatano na mji wa Lübeck ya kulinda njia ya biashara iliyopita kati yao. Baadaye ikawa miongoni mwa miji mikubwa ya ule umoja wa wafanyabiashara uitwao Hansa, uliouza chumvi, samaki, nafaka na pombe kutoka nchi moja hadi nyingine. Mji huo ukajitawala wenyewe kama nchi, na waliokuwa na sauti katika baraza lake walikuwa matajiri wenye meli na maghala.

KAURI NA PEMBE

Katika miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg waligundua faida kubwa katika kitu kidogo sana: kauri. Katika nchi za Afrika Magharibi kauri zilikuwa fedha, na pwani yetu ilikuwa nazo tele. Meli za Hamburg zikapakia kauri Zanzibar, zikazunguka kusini ya Afrika, zikaenda kununua mawese kwa kauri hizo, kisha mawese yakapelekwa Ulaya kutengenezwa sabuni na mishumaa. Kampuni ya O'Swald ilifungua tawi lake Zanzibar mwaka 1849, na ile ya Hansing ikafuata. Kauri zilipozidi kumiminika kule magharibi, thamani yake ilishuka, na aliyekuwa ameziweka akiba akajikuta maskini. Wenye meli walikwisha kuondoka na faida yao. Mwaka 1859 miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck ilitia sahihi mkataba wa biashara na Sultani Majid bin Said.

Pamoja na kauri zilikuwapo pembe za ndovu. Hapo ndipo historia ya Hamburg inapofika Singida.

Pembe nyingi zilitoka bara, Unyamwezi na nchi za mbele yake, zikabebwa na wapagazi kutoka Unyanyembe, karibu na Tabora, mpaka Bagamoyo. Kati ya Unyanyembe na Ugogo palikuwa na nyika iliyoogopwa na kila msafara, nayo ndiyo Mgunda Mkali, ambao sehemu yake kubwa sasa imo katika Wilaya ya Manyoni. Wageni waliopita huko, kama Burton na Speke mwaka 1857, waliandika juu ya vichaka vyake vizito na uhaba wa maji. Wewe uliyepata kuviona vichaka vya Itigi wakati wa kiangazi huna haja ya kusimuliwa.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na chakula chake na vyombo vyake. Safari ya kwenda pwani iliweza kuchukua miezi miwili hadi mitatu. Wengi walikuwa Wanyamwezi walioifanya kazi hiyo kwa ujira na kwa fahari. Wengine walikuwa watumwa. Waliougua njiani mara nyingi waliachwa njiani. Mwisho wa safari hiyo pembe zilikatwakatwa huko Ulaya na Marekani, zikawa vitana, mipini ya visu, mipira ya biliadi na vibonye vya piano. Madaftari ya wafanyabiashara yalionyesha uzito wa pembe na bei yake kwa uangalifu mkubwa. Majina ya waliozibeba aghalabu hayakuandikwa.

BINTI WA MTONI

Si mizigo tu iliyosafiri. Mwaka 1844 alizaliwa katika jumba la Mtoni, Zanzibar, Sayyida Salme, binti wa Sultani Said. Alijifunza kuandika kwa siri, jambo lililokuwa nadra kwa wasichana wa nyumba yake. Akapendana na jirani yake, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg, na mwaka 1866, akiwa mja mzito, akatoroka kwa meli ya Kiingereza hadi Aden. Mwaka 1867 alibatizwa huko kwa jina la Emily, akaolewa, wakaelekea Hamburg.

Mwaka 1870 mumewe alikufa katika ajali ya tramu ya farasi. Mjane huyo alibaki na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi, na kwa mujibu wa sheria za mji hakuruhusiwa kusimamia peke yake mali ya watoto wake mwenyewe. Mwaka 1885 serikali ya Bismarck ilimpeleka Zanzibar pamoja na manowari zake, ikitumia madai yake ya urithi kumtisha nduguye, Sultani Barghash. Wajerumani walipata walichokitaka; yeye alirudi mikono mitupu. Kitabu cha maisha yake kilichapishwa mwaka 1886. Alifariki mwaka 1924 na kuzikwa Hamburg.

Mwaka 2019 kiwanja kimoja mjini humo kilipewa jina lake, lakini haukupita muda uamuzi huo ukatenguliwa, kwa kuwa katika maandishi yake aliutetea utumwa. Utaona, ndugu msomaji, kwamba hata leo swali la nani akumbukwe, na kwa lipi, halijaisha.

MAGHALA MAPYA, MAJI MACHAFU

Mwaka 1888 Hamburg ilifungua mtaa mkubwa wa maghala ya matofali mekundu kando ya maji, ili kuhifadhi kahawa, viungo na bidhaa nyingine za ng'ambo bila kutozwa ushuru. Ni majengo ya kupendeza, na mwaka 2015 yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini kabla ya kuyajenga, watu wapatao 20,000, wengi wao wafanyakazi wa bandarini na jamaa zao, waliondolewa katika nyumba zao. Mwaka 1890 ikaanzishwa kampuni ya meli za Afrika Mashariki, kwa msaada wa fedha za serikali ya Ujerumani, ikaunganisha Hamburg na Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar.

Kisha ukaja mwaka 1892. Kwa miaka mingi wakubwa wa Hamburg walikuwa wameahirisha ujenzi wa mitambo ya kuchuja maji kwa kuhofia gharama. Mji wa jirani, Altona, ulikuwa ukichuja maji yake. Kipindupindu kilipoingia mwezi wa Agosti, watu wapatao 8,600 wa Hamburg walikufa, hasa katika mitaa ya maskini karibu na bandari. Kwenye mpaka wa miji hiyo miwili, upande mmoja wa barabara watu walizikana, na upande wa pili walisalimika. Mji uliokuwa na fedha za kujengea maghala ya kahawa ulikuwa haujapata fedha za kusafisha maji ya kunywa. Mama uchemshaye maji jikoni mwako, wewe unalielewa jambo hili kuliko mabwana wale walivyolielewa.

Miaka minne baadaye, Novemba 1896, makuli na mabaharia wa Hamburg waligoma kudai ujira bora. Zaidi ya watu 16,000 walisimama kwa majuma 11 katika baridi kali, hata njaa ikawashinda, wakarudi kazini Februari 1897. Nusu karne baadaye, Septemba 1947, makuli wa Dar es Salaam nao waligoma, na mgomo ukaenea bara kwa kuifuata reli. Hao waliongezewa mishahara. Gati mbili zilizokuwa mbali sana, lakini maumivu ya mgongo yalikuwa yale yale.

KILIMATINDE NA RELI

Wakati huo bara yetu ilikwisha kutiwa chini ya bendera ya Ujerumani. Boma la Wajerumani lilijengwa Kilimatinde, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, mahali pa kuilinda njia ya misafara. Wanyaturu hawakuupokea utawala huo kwa shangwe. Masimulizi ya wazee yanamtaja Liti Kidanka, mwanamke aliyewapinga wageni hao kwa msaada wa nyuki.

Mwaka 1905 ilianza kujengwa reli kutoka Dar es Salaam. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikipita Manyoni na Itigi. Yule mpagazi wa frasila mbili akapoteza kazi yake. Wengi wa kizazi chake wakaingia kwenye vibarua vya reli na mashamba ya mkonge. Ni kwa reli hiyo hiyo meli nzima ilipita Manyoni ikiwa vipande vipande ndani ya makasha 5,000. Baada ya kuundwa upya Kigoma iliitwa Goetzen, na tangu mwaka 1927 ikajulikana kwa jina la Liemba.

Hamburg ilihitaji pia lugha yetu. Mwaka 1908 kilifunguliwa huko chuo cha mambo ya makoloni, na miongoni mwa waliofundisha Kiswahili ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, yule mwandishi wa desturi za Waswahili. Mwaka 1905 alikuwa amejaribu kurudi nyumbani na mkewe Mjerumani. Maofisa wa koloni wakamzuia kushuka na mkewe. Alifia Ujerumani mwaka 1927.

SANAMU ILIYOANGUSHWA

Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeuvunja upinzani wa Abushiri bin Salim. Baada ya vita Waingereza waliiondoa, na mwaka 1922 ikasimamishwa Hamburg, mbele ya chuo kikuu. Mwaka 1967 wanafunzi wa Kijerumani waliiangusha. Iliposimamishwa tena, mwaka 1968 wakaiangusha tena. Haikurudishwa.

Mji wenyewe ulipata mapigo makubwa zaidi. Katika kambi ya Neuengamme na matawi yake, utawala wa Hitler uliua wafungwa zaidi ya 40,000. Julai 1943 mabomu ya ndege za Uingereza na Marekani yaliwaua wakazi wa Hamburg zaidi ya 30,000. Februari 1962 mafuriko yakaua 315. Kila mara walijenga upya, na leo Hamburg ni miongoni mwa bandari tatu kubwa za Ulaya. Tangu mwaka 2010 ni mji dada wa Dar es Salaam.

Udugu ni jambo jema, lakini ndugu wa kweli huelezana habari zote za ukoo. Hamburg inazo hati zake, hata ile ya kughushi, na imezitunza vizuri. Sisi tuna wazee. Basi, ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako yuko babu au bibi anayejua habari za boma la Kilimatinde, za vibarua vya reli, au za jamaa aliyekwenda pwani na mzigo asirudi, mketishe mwanao mbele yake na daftari na kalamu. Aandike jina la mtu huyo, jina la kijiji chake, na mzigo aliobeba.