Linux gani kwa kompyuta za sindika?

Ndugu wachimbaji, na nyinyi wamama munaochunga nyumba, daftari ya kilo zenu sasa iko ndani ya kompyuta. Jina, tarehe, kilo, deni ya mnunuzi: yote humo. Siku moja kijana wetu alichomeka flash yenye ilitoka kwenye siber. Asubuhi faili hazikufunguka tena. Tulirudia makaratasi, lakini mengine mvua ilikuwa imeyala, na familia mbili zilikosa kilo zao. Njo maana naandika juu ya Linux, hata kama mimi si injinia.

Tena Microsoft ilimaliza kuchunga Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakataa mashini mingi za okazio kama hizi tunanunua Goma. Linux haiombi pesa ya lisansi. Shida ni moja: Linux si moja. Kila kundi linapika ya kwake, ndiyo wanaita distribisio. Vijana wanabishana usiku mzima iko gani nzuri. Mimi nauliza mbili tu: itachungwa miaka ngapi, na nani hapa kartie anaijua?

Swali la kwanza si mchezo. CentOS 8 ilikuwa kwenye seva mingi za dunia, watu wanahesabu itafika 2029. Desemba 2020 Red Hat ikatangaza: mwisho ni 2021. Basi.

Kwa seva, maana yake kompyuta yenye kuchunga daftari ili zingine ziisome, mimi nasema Debian. Iko tangu 1993, si mali ya kampuni, na wenye kuitengeneza wanachagua kiongozi wao kwa kura kila mwaka (sindika ngapi zinafanya hivyo?). Toleo moja linachungwa karibu miaka mitano, na haibadilike-badilike, kwa hiyo haikuli mega sana.

Kwa kompyuta ya biro ao ya watoto, chukua Linux Mint ya Xfce. Inatembea na RAM ya giga 4, inasema Kifaransa, na sura yake haimushangaze mutu wa Windows. Imejengwa juu ya Ubuntu, nayo Ubuntu imetoka kwa Debian. Kwa hiyo amri zenye kijana amejifunza kwa moja, nyingi zinafanya kazi kwa ingine. Fundi mmoja anatosha.

Kuranti ikikatika, hakuna distribisio itakuokoa. Onduleri kwanza, na kopi mbili za daftari, moja ilale kwa nyumba ingine.

Usifute Windows leo. Weka Mint kwenye flash, washa mashini nayo, disiki haiguswe. Jaribu Wi-Fi na emprimante. Fungua faili zako za Excel ndani ya LibreOffice, zaidi zile zenye makro, sababu hizo njo zinasumbuaka.