Nyuzi Zisizozimwa: Chanzo cha Seva Kuishiwa Kumbukumbu

Siku za mwanzo za kila mwezi, zahanati na vituo vya afya vya Wilaya ya Kishapu hujumlisha rejesta za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya: wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliochanjwa, wagonjwa wa malaria waliopimwa na kutibiwa. Takwimu huingizwa kwenye mfumo wa DHIS2, na kuanzia Mhunze, makao makuu ya wilaya, hadi wizarani Dodoma huwa msingi wa kupanga dawa, chanjo na watumishi. Wilaya nyingine nazo ziko kwenye kazi hiyohiyo siku hizohizo. Mfumo wowote wa aina hii ukiganda wakati huo, lawama huenda kwanza kwa mtandao au umeme, na mara nyingi ni haki yake. Lakini ipo hitilafu isiyohusu mnara wala nguzo: kumbukumbu ya seva kuvuja kwa sababu ya nyuzi za chinichini zilizowashwa na kusahaulika.

Uzi na kumbukumbu yake

Programu ya seva hufanya mambo mengi kwa wakati mmoja, na kila mkondo wa kazi ndani yake huitwa uzi. Wakati uzi mmoja unapokea fomu kutoka Kishapu, mwingine unaandaa jedwali la Geita, na mwingine, ambao mtumiaji hauoni, unatuma barua pepe au kukagua hifadhidata kila baada ya dakika chache.

DHIS2, iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, imeandikwa kwa lugha ya Java. Ndivyo ilivyo pia OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliobuniwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Katika Java, mwandishi wa programu harudishi mwenyewe kumbukumbu aliyoazima. Kazi hiyo hufanywa na mkusanya taka, wazo alilolileta John McCarthy mwaka 1959 katika lugha ya Lisp. Kanuni yake ni nyepesi: kitu ambacho hakifikiki tena kutoka sehemu hai ya programu ni taka, na nafasi yake irudishwe.

Tatizo linaanzia hapo. Uzi unaoendelea kukimbia huhesabiwa kuwa hai siku zote, na kila unachokishikilia huhesabiwa kuwa hai pamoja nao. Ni kama mlinzi wa ghala la pamba ambaye msimu umekwisha bila mtu kumwambia aondoke: funguo anazo yeye, hivyo ghala tupu haliwezi kupewa kazi nyingine. Kwenye Linux ya biti 64, uzi mmoja wa Java kwa kawaida hutengewa hadi megabaiti 1 ya rafu, yaani kumbukumbu yake binafsi. Ukisahaulika uzi mmoja kila dakika, kwa siku ni nyuzi 1,440. Mzigo mkubwa zaidi huwa ni data zilizoshikiliwa na nyuzi hizo. Mfumo unaopakia upya moduli, yaani kipande cha programu kinachoongezwa juu yake, bila kuzima nyuzi za moduli ya zamani hubaki na nakala mbili za moduli hiyo, kisha tatu, kisha nne.

Madhara ya kumbukumbu kuvuja yaliyokwisha kuonekana

Tarehe 4 Novemba 1992, mfumo wa kupangia magari ya wagonjwa jijini London ulisimama. Uchunguzi ulibaini kipande cha programu kilichoachwa humo wiki 3 kabla, ambacho kila gari lilipotumwa kilichukua kumbukumbu kidogo na hakikuirudisha.

Tarehe 22 Oktoba 2012 ikawa zamu ya Amazon, katika vituo vyake vya Virginia, Marekani. Seva moja ya kukusanya taarifa iliharibika na kubadilishwa, lakini anwani mpya haikuzifikia mashine zote. Programu ndogo za chinichini ziliendelea kuitafuta seva ambayo haipo, na kila jaribio lilikula kumbukumbu kidogo, hadi mashine za kuhifadhi data zikalemewa. Tovuti kubwa, ikiwamo Reddit, zilikwama.

Kuutambua uvujaji na kuutibu

Dalili iko kwenye grafu ya kumbukumbu. Katika seva yenye afya, mstari hupanda kisha hushuka hadi kiwango kilekile kila mkusanya taka anapopita. Katika seva inayovuja, kiwango cha chini kabisa nacho huzidi kupanda siku hadi siku. Hapo fundi hutumia zana ya jstack kuorodhesha nyuzi zote kwa majina, hungoja saa chache, huorodhesha tena na kulinganisha. Tomcat, programu inayobeba mifumo mingi ya Java, nayo huandika onyo inapokuta programu imeondolewa na uzi wake umebaki.

Kuzima seva na kuiwasha upya hurejesha nafasi, lakini uvujaji huanza tena papo hapo. Kuua uzi kwa nguvu ni hatari: amri ya Java ya kufanya hivyo ilitangazwa kuwa haifai kutumika tangu mwaka 1998, kwa kuwa huacha data nusu imeandikwa. Kuutangaza kuwa uzi wa usuli hakusaidii pia, maana uzi huo hufa programu mama inapozimwa, na seva inaweza kukaa miezi bila kuzimwa.

Tiba ni kuupa uzi njia ya kuondoka. Upewe ishara ya kusimama na uikague kila mzunguko. Kila unapoisubiri seva nyingine, uwekewe ukomo wa muda, ili usikae ukingoja jibu lisilokuja. Nyuzi zikopwe kutoka bwawa lenye idadi maalumu, na bwawa lenyewe lifungwe programu inapofungwa. Mwisho, moduli ipakiwe na kuondolewa mara nyingi kwenye majaribio, kisha nyuzi zihesabiwe. Idadi ikiongezeka, kazi haijaisha.

Vijana wanaoandika programu Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza wanabeba takwimu za afya za wilaya kama Kishapu. Halmashauri na hospitali zinazonunua mifumo zidai jaribio hilo kabla ya kupokea kazi, na mwandishi wa programu asiwashe uzi wowote kabla hajaandika mistari ya kuuzima.