Kabla Chama Hakijanunua Gari Mseto

Gari la chama cha msingi hununuliwa kwa jasho la mkulima. Kila shilingi inayolipwa imetokana na makato ya kila kilo ya tumbaku iliyouzwa. Kwa hiyo uchaguzi wake si jambo la kuachiwa dalali au mjumbe mmoja mwenye kupenda sura ya gari.

Siku hizi bei ya petroli imewafanya watu wengi waulizie magari mseto, yaani yenye injini ya petroli na mota ya umeme zinazosaidiana. Magari ya namna hii hayachomekwi kwenye umeme wa nyumbani. Betri yake hujazwa na injini, na pia wakati dereva anapofunga breki. Mawili yanayolinganishwa mara kwa mara ni Toyota C-HR, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 2016, na Honda Vezel ya umbo la kwanza, iliyoanza Desemba 2013. Yote mawili huletwa nchini yakiwa yametumika.

Kwa kipimo cha Japani, C-HR mseto hufikia kilometa 30.2 kwa lita, na Vezel kilometa 27. Barabarani matumizi huwa makubwa zaidi ya hayo. Lakini hata vipimo hivyo vikikubaliwa, gari litakalokwenda kilometa 12,000 kwa mwaka litaokoa lita 47 tu likiwa C-HR. Tena faida ya umeme huonekana zaidi katika misongamano ya mjini, ambako breki hufungwa kila mara, kuliko katika safari ndefu ya Usoke hadi Tabora.

Jambo la pili ni njia. Tumbo la C-HR mseto limeinuka milimita 140 kutoka ardhini. La Vezel isiyo ya magurudumu manne, milimita 185. Katika njia za kwenda kwenye mabani ya wakulima, zenye visiki, mchanga na matope ya masika, tofauti hiyo ni kubwa kuliko lita 47.

Jambo la tatu ni fundi. Vezel hiyo ina giaboksi ya gia 7 yenye klachi mbili, na mwaka 2014 Honda iliyaita magari hayo yarekebishwe. Mfumo wa Toyota hauna klachi ya namna hiyo, nao umezoeleka kwa mafundi wengi zaidi. Katika magari yote mawili betri kubwa hupozwa kwa hewa. Vumbi la kiangazi likiziba njia ya hewa, betri hupata joto na kuharibika mapema. Mengi pia hutoka kiwandani bila tairi la akiba.

Basi bodi ya chama na ifanye haya: ipime betri kwa kompyuta ya fundi kabla ya kulipa, iulize umri wa gari, kwa kuwa lililozidi miaka 8 hutozwa ushuru wa uchakavu, na ipeleke mkutano mkuu hesabu ya matengenezo pamoja na ya mafuta.

Ikionekana kwamba kazi kubwa ya gari iko mashambani, wajumbe wasione haya kuyaacha yote mawili na kuchagua gari la juu lisilo la mseto. Gari linalofaa ni lile litakalofika bani la mwisho na kurudi.